Majani Kwenye Chumba cha Mikutano

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi huo ndio ulioniponza. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nitajitetea. Nimezaliwa na kukulia Mwanza mjini, kwenye nyumba yenye ua wa saruji, mama yangu akifagia alfajiri kabla hata chai haijachemka, na shuleni tulifyeka uwanja mpaka ukabaki udongo mtupu. Ukinionyesha majani yaliyofika kiunoni, mimi naona nyoka, naona mbu, naona mwenye eneo mvivu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa ghala la pamba alisimamie.

Kampuni yetu inapima viwanja na kuchora ramani. Mimi ni mchoraji. Tulikuwa tumepanga katikati ya mji, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, joto tupu, na dirisha pekee lilitazama ukuta wa jirani. Siku bosi alipotuambia amepata jengo la zamani la ushirika huko chini ya Nyegezi, unapoiacha lami na kushuka kuelekea ziwani, tulitazamana. Ghala? Tukakae na popo? Bosi ni kijana kuliko mimi, mpole, ila akishaamua kitu huwezi kumtoa. Akanigeukia mbele ya watu wote akasema, "Wewe unapenda sana kukaripia. Nenda ukawakaripie mafundi." Watu wakacheka. Mimi nikachukua kofia yangu nikaenda.

Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za mawe, nene kiasi kwamba ukiingia saa saba mchana unahitaji shuka. Milango miwili ya chuma ya kusukuma. Upande wa barabarani kulikuwa na jukwaa refu la saruji ambapo zamani malori yalirudi nyuma kupakia marobota. Kwenye boriti za dari nyuzi za pamba zilikuwa bado zimening'inia, miaka yote hiyo, na ukizigusa zinakuangukia usoni. Ukutani waliandika kwa rangi nyeusi, upande mmoja PAMBA SAFI, upande wa pili PAMBA FIFI, yaani ile ya daraja la chini, ili mkulima ajue pa kumwaga mzigo wake. Tulikubaliana maandishi yasifutwe. Chumba cha bosi kikaangukia upande wa FIFI, na mpaka leo hakuna mtu amewahi kuliacha jambo hilo lipite bila utani.

Kosa kubwa la jengo lilikuwa mgongo. Upande wa ziwani hakukuwa na hata tundu la panya. Waliolijenga waliogopa wezi na unyevu, wakalipa ziwa kisogo. Msanifu wetu, binti aliyetoka Dar es Salaam na daftari lake na viatu vya kupandia milima, alitembea nyuma ya jengo siku nzima, akakaa kwenye mawe, akarudi na mchoro. Alitaka atoboe madirisha matano makubwa kwenye ukuta ule, tena yaanzie chini, karibu na sakafu, ili mtu akiwa ameketi aone majani, kisha mawe, kisha maji. Upande huo kingekuwa chumba cha mikutano. Fundi mkuu, mzee wa makamo mwenye maneno machache, alilitazama lile daftari akasema, "Madirisha ya chini hivi ni ya mbuzi." Binti akacheka, lakini hakubadilisha kitu.

Nilimpenda yule binti, ingawa nilimkaripia pia. Alifanya kazi. Tulianza na upande wa ziwani: bati jipya, boriti zikapakwa dawa ya mchwa zikakaushwa, sakafu ikasuguliwa mpaka ikang'aa, matundu matano yakatobolewa. Vioo vilikuwa bado njiani. Sehemu nyingine yote ya jengo ilikuwa imeezuliwa, unaona mbingu. Bosi akapiga simu kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atakuja na wageni waione kazi. Ilikuwa Mei, mvua zinakaribia kukatika.

Basi mwenzenu nikasimama kwenye tundu la katikati, mikono kiunoni, nikatazama nje. Nikaona majani. Yamesimama kiunoni, manene, ya kijani, kutoka ukutani mpaka kwenye mawe, eneo kubwa kama viwanja viwili vya mpira. Pembeni mtu alikuwa ameweka matawi ya miiba yamelala ovyo kwenye uwazi wa uzio wa minyaa. Nikasema, wageni waje waone pori hili? Kwenye mchoro wa binti majani yalikuwepo, marefu vile vile, lakini mimi nilidhani ni urembo wa wasanifu, kama wanavyochora watu wembamba. Binti mwenyewe alikuwa amerudi Dar kwa siku chache. Nikatafuta vibarua kumi na mbili wenye mafyekeo kutoka Mkolani. Wakaanza asubuhi, saa tisa wakawa wamemaliza. Matawi ya miiba nikaamuru yachomwe. Nilisimama pale nikaona eneo limekaa kama kichwa kilichonyolewa vizuri, na Mungu ananiona, nilifurahi.

Ndipo akaja mama mmoja.

Nilikuwa namfahamu kwa sura. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya minyaa, nyumba ya matofali yenye zizi pembeni, na asubuhi nilizoea kumwona akiwapeleka ng'ombe wake sita juu milimani, mbali, huku majani mazuri yakiwa hapa hapa karibu. Nilikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini anajisumbua. Nikaishia kujiuliza tu. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mrefu, amejifunga kanga mbili.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Akalitazama eneo kutoka huku mpaka kule. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, "Mmefiwa?"

Sikuelewa. "Hapana mama, hatujafiwa. Kwa nini?"

"Nimeona pamefyekwa ghafla hivi, nikajua mnaweka turubai la msiba. Nikasema kama ni msiba, basi, hakuna la kusema." Akagusa majani yaliyolala kwa ncha ya mguu. "Sasa kama hakuna aliyekufa, mmefyeka kwa nini?"

Nikamwambia wageni wanakuja. Hata mimi nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa jepesi. Mama akaenda akakaa kwenye jiwe, akanyoosha miguu. Fundi mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye ni Msukuma wa Magu, amekulia nyuma ya ng'ombe. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, "Ile ni ngitili, dada. Umefyeka ngitili ya mtu."

Alinieleza pale pale, huku vibarua wakikusanya mafyekeo yao. Wasukuma mvua zikianza hufunga kipande cha malisho. Wanaweka miiba, majirani wote wanajua, na hakuna mnyama anayetia mguu humo masika nzima. Ng'ombe watapelekwa mbali, hata kama mwenyewe atachoka vipi. Majani yanakua, yanakomaa, yanasubiri. Kiangazi kikikaza, Julai, Agosti, Septemba, wakati kote kumekuwa vumbi, ndipo wanaondoa miiba na kuwaingiza ng'ombe. Mama yule alikuwa amefunga nyuma ya ghala tangu ushirika ulipoacha kununua pamba pale. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyelitaka lile eneo.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Nikadhani na nyie mnajua. Si nyie ndio mnapima?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Maana eneo lile tuliwahi kulipima, na ramani yake niliichora mimi. Nilipofika nyuma ya ghala niliandika neno moja kwa mkono wangu: kichaka. Na vilima vile alikokuwa anawapeleka ng'ombe tulishavipima pia, vimekatwa viwanja, mawe ya mipaka yamesimama. Kila mwaka alikuwa na pa kwenda pachache zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa nachora mistari.

Nikarudi kwa mama, nikachutama mbele yake. Nikamwambia nimekosa. Sikuongeza maneno, na kwangu mimi hilo ni jambo la kushangaza. Akasema, "Wanangu wako Buswelu. Kila siku wananiambia niuze ng'ombe nikakae nao. Nyumba nzuri, kuna bomba ndani. Niliwaambia, siku ng'ombe watakaponishinda, nitakuja mwenyewe." Akaitazama ardhi tupu. "Agosti watakuja kunichukua." Hakulia. Alisema vile mtu anavyosema kesho ni Jumanne.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifika nikamkuta fundi mkuu amesimama katikati ya majani yaliyolala, ameshika konzi, anayanusa. "Yamekatwa kabla hayajazaa mbegu," akasema. "Yakikaushwa vizuri ng'ombe atakula. Kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nilikojenga waliweka hivi kila mwaka. Yanageuzwa, asubuhi na jioni, siku tatu, nne. Yasinyeshewe tu. Yakinyeshewa yanaoza, yakioza ni sumu."

"Halafu tunayaweka wapi?"

Fundi aligeuza shingo taratibu akatazama jengo. Na mimi nikatazama. Sehemu yenye bati ilikuwa moja tu.

"Hapana," nikasema.

"Basi hapana," akasema, akainama kuchukua mwiko wake.

"Ebu subiri kwanza wewe mzee, mbona unaondoka haraka hivyo!"

Siku nne tuligeuza majani. Niliwaita vibarua wale wale, na wafanyakazi wenzangu wa mjini wakaja kwa zamu, wapimaji, karani, hata dada wa mapokezi na kucha zake. Mama alikuja siku ya pili. Hakutusalimia. Alitazama nilivyokuwa nageuza, akaninyang'anya uma wa mti niliokuwa nageuzia, akanionyesha: usirundike, tandaza, upepo upite chini. Kisha akanirudishia akaendelea na safari yake. Nikamwambia fundi, umeona, amesema na mimi. Fundi akasema, amesema na majani.

Siku ya nne, Alhamisi, saa nane mchana, ziwa likabadilika rangi. Wanaoishi hapa wanajua: upande wa maji unakuwa mweusi kwanza, visiwa vinapotea kimoja kimoja, halafu unakuja upepo wenye harufu ya udongo wa mbali. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Mkolani. Mafundi wakashuka kwenye ngazi. Tukabeba. Kwa mikono, kwa maturubai, kwa shuka, kwa kanga ya mama, tukapitisha kwenye yale matundu matano yaliyoanzia chini, mmoja nje anasukuma, mmoja ndani anavuta. Sikufikiria sakafu. Sikufikiria wageni. Mama alikuwa ndani, juu ya rundo, anakanyaga na kupanga, akipiga kelele kwa Kisukuma, na mafundi wanamwitikia. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga bati tulikuwa tumebakiza sehemu ndogo karibu na mawe. Ile iliharibika. Nyingine yote ilikuwa ndani, imefika karibu na boriti.

Tukakaa jukwaani tumelowa, tumejaa makapi kichwani, tunacheka kama wehu. Mama naye alicheka. Kisha akanigeukia akasema, "Bosi wako atakufukuza."

"Najua mama."

Na kweli Ijumaa nilidhani nimefukuzwa. Bosi alikuja na wageni wanne. Akawapitisha kwenye jukwaa, akawasomea PAMBA SAFI na PAMBA FIFI, wakacheka, akawaambia sasa twendeni kwenye chumba chenyewe, mtaona ziwa. Akasukuma mlango. Majani yakamwangukia kwenye viatu.

Aliwatoa wageni kwa adabu, akawapa soda, kisha akanirudia. Sijawahi kumwona vile. "Nimekupa ofisi," akasema, "umenipa zizi!" Nikamwacha amalize. Kwa kawaida mtu akinipandishia sauti, na mimi napandisha, na ya kwangu inashinda. Siku hiyo nilimpeleka nje nikamwonyesha nyumba ya mama, na zizi, nikafungua ramani kwenye simu nikamwonyesha neno nililoandika. Nikamwambia yote, pamoja na Buswelu. Akatia mikono mfukoni, akalitazama zizi.

"Yatakaa mpaka lini?"

"Mpaka mvua za vuli."

"Miezi minne! Tutakutania wapi?"

Binti msanifu alikuwa amerudi, amekaa kwenye dirisha moja akipekua majani kwa kidole. Akasema bila kuinua kichwa, "Jukwaani. Kuna kivuli, kuna upepo. Na vioo visiwekwe kwanza, mama atavuta majani kwa nje." Bosi akamtazama, akanitazama. Akasema kama hiyo ndiyo ofisi iliyounganishwa na mazingira tuliyomwahidi, basi imeunganishwa kweli kweli, akaenda kwa wageni wake. Siku tatu hakunisalimia.

Tulihamia Juni, jengo likiwa nusu. Na nitasema ukweli: sijawahi kufanya kazi kwa raha kama kiangazi kile. Meza zilikuwa za kuazima, waya za umeme hazikufika upande wa majani kwa kuogopa moto, na ofisi nzima ilinukia vizuri, harufu kavu, tamu, inayokuingia kwenye nguo. Mikutano ilikuwa jukwaani, na ilikuwa mifupi kwa sababu jua lilikuwa linatufuata. Kila siku saa nne mama alifika nyuma ya jengo, akavuta mzigo wake dirishani, akaufunga kwa kamba. Mwanzoni alichukua kimya. Julai akaanza kusalimia. "Mwangaluka!" tunamsikia, nasi wote tunaitika kutoka kwenye kompyuta zetu. Agosti alianza kunikosoa: eti nakaa sana, eti nimekonda, eti sauti yangu inawatisha ndama.

Wanawe walikuja Agosti kama alivyosema, watu wazima wawili, wapole, kwenye gari la mmoja wao. Waliwaangalia ng'ombe, wakawashika mbavu. Wakaondoka bila mama. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikichungulia, na nilipiga vigelegele hadi bosi akatoka chumbani kwake.

Lakini Septemba rundo likawa dogo. Ukiwa ndani uliweza kuona ziwa juu yake, halafu ukaona mawe, halafu sakafu. Mvua hazikuwa na dalili. Siku majani yalipokwisha kabisa, mama alikung'uta makapi ya mwisho kwenye kanga yake akasema, "Mmejitahidi." Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Kesho yake karani alishuka kwenye bajaji na gunia la majani ya kabichi kutoka sokoni. Keshokutwa wapimaji wakaja na mabua ya mahindi nyuma ya gari la kazi. Dada wa mapokezi akaleta maganda ya ndizi ya mgahawa mzima. Bosi alileta ndoo ya maganda ya viazi vitamu, akaificha kwenye gari, akaniomba nikaichukue mimi ili watu wasione. Siku kumi na moja tuliwalisha ng'ombe kwa takataka za Mwanza. Ng'ombe mmoja, yule mzee kuliko wote, alikufa siku ya tisa. Mama alisema ni umri. Huenda. Mimi sijui, na sitajua, na siku nyingine bado linanisumbua.

Mvua ilinyesha. Watano walibaki, na mmoja wao akazaa. Mama akafunga ngitili upya, safari hii tukaweka miiba pamoja, na mimi nikarudi kwenye kompyuta nikafuta neno kichaka nikaandika jina sahihi, ngitili. Vioo vikawekwa. Chumba cha mikutano kikapata meza, na ukiketi unaona majani machanga, kisha mawe, kisha maji.

Nilidhani yamekwisha. Desemba wale wanawe wakarudi, safari hii na gari kubwa la mizigo. Walisema kiangazi kimoja kimepita, cha pili je? Tulikuwa kwenye mkutano. Niliona kupitia dirishani wakibishana naye uani, kisha wote watatu wakaja kuelekea kwetu, mama mbele. Wakafika mlangoni. Mkubwa wao akatusalimia, akavua kofia.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Mama anasema hawezi kuondoka. Anasema ameajiriwa hapa. Ni kweli?"

Chumba kizima kikanitazama mimi. Nikamtazama mama. Alikuwa ametazama pembeni, kwenye ukuta, kidevu juu, kanga imekazwa.

"Ni kweli," nikasema. "Ndiye anayesema lini tufunge majani na lini tufungue. Sisi tulijaribu bila yeye, tukaharibu."

Mwanawe akamtazama bosi. Bosi akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Walipoondoka, gari tupu likipanda kilima kuelekea lami, mama alibaki mlangoni. Wenzangu wakajifanya wanasoma makaratasi.

"Umewadanganya wanangu," akaniambia.

"Sijawadanganya, mama."

Akafikiri. "Basi kesho nije saa ngapi?"

"Saa mbili. Wote tunaingia saa mbili."

Kesho yake tulimkuta amekaa jukwaani tangu saa kumi na mbili na nusu, amenuna, anatuuliza kama sisi tunaitaka hii kazi au hatuitaki.